Nilivyoshuka ghorofa 25 nimevaa kama marehemu

Kabla sijafika kwenye hiyo ya marehemu nianze mwanzo maana bila mwanzo hamtanielewa. Mwaka juzi kazini walinipeleka Japani kwa mafunzo ya wiki mbili, Tokyo, na hoteli waliyotuwekea iko Shinjuku upande wa magharibi, kule kwenye maghorofa yaliyosimama kama msitu. Jina la hoteli sitaji, sio kwa ubaya, ila kuna sehemu nitawalalamikia kidogo. Nilivyoambiwa hoteli kubwa sikujiuliza mara mbili, nikasema hoteli ni hoteli bwana, nimelala hoteli Dodoma, Nairobi, Kampala, unafika unapewa ufunguo unalala. Thubutu.

Tiketi yenyewe ilikuwa ya kuungaunga, Dar, Addis, Bangkok ndo Narita, nikatua saa mbili asubuhi nikiwa nimeshaukalia mgongo wangu karibu siku mbili. Pale uwanjani kuna mabasi yanayokupeleka mpaka mlangoni kwa hizo hoteli kubwa, raha sana maana usipopanda hilo utashukia stesheni ya Shinjuku, na ile stesheni kwa siku wanapita watu zaidi ya milioni tatu na milango ya kutokea iko zaidi ya mia mbili, ukitokea mlango sio wako umeenda mkoa mwingine. Saa nne na nusu niko mapokezi, miguu imevimba, nataka kitu kimoja tu duniani, kitanda.

Dada wa mapokezi akainama, akachukua paspoti akaitoa kopi (hiyo ni sheria yao, mgeni asiye na makazi Japani paspoti yake lazima itolewe kopi, usianze kuhoji), akanipa fomu nikajaza, halafu akaniambia chumba ni saa tisa alasiri. Nikamwambia dada yangu mi nimetoka Afrika, hata kama hakijafagiliwa nipe hivo hivo. Akavuta hewa kwa meno, ssss, akalaza kichwa upande, akasema kwa Kiingereza cha upole sana, "Ni vigumu kidogo."

Sasa mi Mtanzania nikisikia vigumu kidogo nimesikia hiyo "kidogo" tu. Kwetu hapo ndo maongezi yanaanza, yaani mtu amekufungulia mlango nusu anasubiri uusukume. Nikatoa noti ya yeni 1,000 nikaiteleza chini ya ile fomu, taratibu, kiutu uzima. Akaiona. Akaichukua kwa mikono miwili nikajua tayari mambo yameiva, halafu akatoka nyuma ya kaunta akazunguka mpaka nilipo akanirudishia kwa mikono miwili huku ameinama, eti nimesahau pesa yangu. Mpaka leo sijui kama kweli alidhani nimesahau au alikuwa ananifichia aibu. Nahisi ni hiyo ya pili.

Kumbe "ni vigumu kidogo" ya Mjapani ni hapana. Sio hapana ya kubembeleza, ni hapana imeshafungwa na kufuli, ila imevikwa nguo nzuri. Na huko bakshishi hakuna kabisa, sio kwa mhudumu wa mgahawa, sio kwa teksi, sio kwa anayebeba begi. Baadae nilivyofikiria nikaona na sisi tunayo hiyo lugha, fundi cherehani akikwambia "njoo kesho tuone" mbona hauendi, unajua nguo haijaguswa. Mgeni ndo anaenda. Pale Shinjuku mgeni nilikuwa mimi.

Begi wakanishikia bure, wakanipa kikaratasi. Nikavuka barabara nikaenda jengo la serikali ya jiji, lile lenye minara miwili alilochora Kenzo Tange, kuna sehemu ya kuangalia mji ghorofa ya 45, mita 202 kwenda juu na hailipiwi hata senti. Watu walikuwa wanatafuta mlima Fuji kwenye mawingu, mi nikatafuta benchi. Nikalala nimekumbatia paspoti.

Saa tisa kasoro dakika kumi nimesharudi nimesimama mbele ya yule dada. Akatabasamu. Sikupewa. Saa tisa kamili ndo akaniita, na nilivyofika chumbani nikakuta begi langu limeshatangulia, limewekwa kwenye kigoda chake kama mtoto aliyetulizwa. Yaani begi liliingia kabla yangu!

Chumba kiliandikwa ghorofa ya 26. Hapa pia mjue kitu, wao ile ya chini kabisa tunayopita kuingia ndo wanaiita ya kwanza, kwaiyo 26 yao ni 25 yetu. Siku mbili za mwanzo nilikuwa naingia lifti nabonyeza B1 nikidhani ndo kutokea nje, najikuta kwenye maduka ya chini ya ardhi nauziwa keki. Na hoteli kuwa kubwa haina maana chumba ni kikubwa, ukubwa ni wa jengo. Vitanda viwili vyembamba (hivi vitanda mvikumbuke), kiti, kimeza, na ukifungua begi sakafuni huna pa kukanyaga.

Bafu ndo lilinishangaza. Unapanda kistepu kimoja unaingia kwenye kitu kama boksi la plastiki, sakafu, ukuta, sinki, beseni la kuogea, vyote kitu kimoja hakuna hata kiungo cha vigae. Mwalimu wetu mmoja wa mafunzo, mzee wa majengo, ndo alitueleza, kwamba mwaka 1964 Tokyo ilikuwa na Olimpiki na hoteli ya New Otani yenye vyumba zaidi ya elfu moja ilitakiwa imalizike haraka, mafundi wa kujenga mabafu moja moja wasingeweza, ndo kampuni ya TOTO ikatengeneza mabafu kiwandani yakaja yameshaungwa, wanayapachika tu. Toka hapo nchi nzima imefuata. Kampuni inaitwa TOTO, nikawaza jina hilo Manzese lingepata wateja.

Hao hao TOTO ndo walioleta mwaka 1980 kile choo chenye maji. Na hapa jamani niwe mkweli, mi nimelelewa Tanga, choo bila maji sio choo, nchi za watu kote nilikopita nimetembea na chupa ya maji ya kunywa kimya kimya kama mwizi. Nimefika Tokyo nakuta kiti kina joto, pembeni kuna vitufe, ukibonyeza maji ya uvuguvugu yanakuja yenyewe mahali panapohusika. Nikampigia mama usiku ule ule, kule nyumbani ilikuwa jioni maana tumepishana masaa sita.

"Mama, huku wanatawadha kama sisi!"

"Wameslimu?"

"Hapana mama, choo ndo kimeslimu."

Onyo tu, ukimaliza tafuta kwanza kitufe chenye alama ya mraba ndo cha kuzima, usisimame kabla. Mi nilisimama. Ule mrija unatoka kwa nguvu na kioo kiko mbele yake, na nilikuwa nimeshavaa shati la mafunzo.

Umeme wao ni volti 100 na plagi ya vibati viwili bapa, chaja ya simu haina shida maana imeandikwa 100 mpaka 240, na adapta mapokezi wanakuazima bure. Ila mashine yangu ya kunyolea ya Kariakoo ilinguruma kama mgonjwa wa kifua, ikang'ang'ania ndevu upande mmoja ikakata roho. Nikahudhuria siku ya kwanza kwa mtindo huo.

Chai ya asubuhi ni bafe, na wao bafe wanaiita "baikingu", yaani Viking wale wa meli, kisa hoteli ya Imperial hapo Tokyo ilianzisha mgahawa wa kujipakulia mwaka 1958 ikaupa jina hilo, jina likahamia kwenye kila bafe ya nchi. Kwa anayekwepa nguruwe, kila sahani ina kikadi chenye vipicha vya kilichomo, lakini vikadi havisemi habari ya pombe ya kupikia na ile wanaitia kwenye michuzi mingi, kwaiyo mi nilibaki na mayai, samaki na wali. Wali wao hauna chumvi hauna nazi, unashikana, siku ya kwanza unauonea huruma, siku ya nne unautafuta mwenyewe. Natto nilionja mara moja, ni maharage ya soya yaliyochachuka yanavuta kama mlenda uliokasirika, sitaki kuongea zaidi.

Pale kwenye wali ndo nilifanya kosa la kwanza la wafu. Nilitaka kwenda kuongeza chai, vijiti vya kulia nikavichomeka wima katikati ya bakuli la wali kama ninavyochomeka kijiko kwenye ugali, nikaondoka. Narudi nakuta mama mmoja mtu mzima meza ya jirani anaangalia lile bakuli kama limetoka nyoka. Hakusema neno. Akachukua vijiti vyake akaviinua kidogo ili nione, akavilaza chini kwenye kile kigogo kidogo cha kuegeshea, akaniangalia. Nikalaza vyangu. Kumbe vijiti wima kwenye wali ni chakula anachowekewa maiti. Mnaona wanavyofundisha? Bila mdomo.

Sasa tuje kwa dogo. Nina mdogo wangu wa mtaani, mtoto wa jirani yetu Tanga, anasoma chuo nje kidogo ya Tokyo. Jumamosi akaja kunisalimia. Nilimkuta pale chini amesimama na mwavuli unachuruzika.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba dogo, umekuwa mrefu hivi!"

Tukatembea, akanipeleka msikiti mkubwa wa Tokyo kule Yoyogi-Uehara, ni treni dakika chache tu kutoka Shinjuku, mzuri ajabu, mtindo wa Kituruki, wa kwanza ulijengwa 1938 ukabomolewa 1986 na huu wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Tukaswali magharibi, tukala, tukaongea habari za nyumbani mpaka tukasahau kwamba treni za kule hazikeshi, usiku wa manane zimelala. Mvua inanyesha. Nikamwambia wewe unalala kwangu, kitanda cha pili kipo hakijaguswa hata shuka. Nani atamwacha mtoto wa jirani kwenye mvua?

Lifti zao haziendi juu bila kadi ya chumba, nikagusa kadi, mlango unajifunga, kijana wa zamu akaja mbio ndogo zile za adabu. Samahani sana, huyu ni mgeni wako? Wageni tunawapokea hapa chini, vyumbani ni waliojiandikisha tu. Nikamweleza kistaarabu, ni ndugu yangu, kitanda kipo, asubuhi anaondoka. Ssss, kichwa upande. Nikajua tayari hiyo.

Hapa ndo pa kulalamika. Baada ya dakika ishirini za kuinamiana wakasema inawezekana, ila dogo aandikwe, anwani yake, namba ya simu, na nilipe kwa ajili yake yeni elfu kadhaa pamoja na kodi ya malazi ya jiji, hiyo kodi ilikuwa yeni 200 kwa kila mtu kwa kila usiku kwa vyumba vya bei ile. Nikawaka. Kitanda si mmeshakilipisha? Anakula nini huyu? Kwetu mgeni wa mgeni anawekewa mkeka na anaamshwa kwa chai, hakuna anayemtolea risiti.

"Kaka," dogo akaninong'oneza, "huku hawauzi kitanda, wanahesabu vichwa. Hata wanandoa wanalipa wawili. Lipa tu tukalale."

Nikalipa kwa kisirani, nikaweka hela kwenye kile kisahani (hela haupewi wala hautoi mkononi, kuna kisahani), kijana akamwingiza dogo kwenye kompyuta herufi kwa herufi.

Chumbani kuna yukata, gauni la pamba la kulalia, unafunga na mkanda. Mezani kuna kikaratasi kinachoomba kwa heshima zote usitoke nalo nje ya chumba, wala usivae ndala za chumbani ukishuka chini. Nimekisoma, nimekielewa. Nikavaa langu nikafunga kama ninavyofunga kikoi, upande utakaotangulia utangulie. Tukalala.

Saa tisa na robo usiku nikaamshwa na kelele za hanga. Zile hanga za kabatini zinagongana, ting ting ting, taratibu, na jengo zima linalia mlio kama jahazi likigeuzwa. Nikaweka mguu chini, sakafu inaenda. Haitikisiki, inaenda, halafu inarudi.

Sasa mi nilikuwa Bukoba tarehe 10 Septemba 2016, kikazi, alasiri ile. Niliona nyumba za matofali zinakaa chini kama mtu aliyechoka, na watu walikufa. Kwaiyo kichwa changu kuhusu tetemeko kina amri moja tu, nje! Pale kando ya kitanda kuna tochi ya dharura, ukiichomoa inawaka yenyewe, nikaichomoa. Korido haina mtu hata mmoja. Lifti zimesimama, kule zinasimama zenyewe ghorofa ya karibu ardhi ikitikisika. Nikafungua mlango wa ngazi nikaanza kushuka na ndala zile za karatasi, 26, 25, 24, ya 19 ndala moja ikabaki, sikurudi. Kipaza sauti kinaongea Kijapani kisha Kiingereza, nasikia "jengo ni salama, tafadhali bakini vyumbani," mi nasema hayo wanawaambia wenye nyumba.

Nikatokea chini kwenye taa zile zote, marumaru inang'aa, maua makubwa kwenye chungu, na mzee mmoja anapiga deki. Anapiga deki jamani. Mi nimesimama na yukata, ndala moja, tochi inawaka, nahema kama nimetoka kuchota maji mlimani.

Mzee wa zamu ya usiku akatoka kaunta, suti imenyooka saa tisa usiku. Hakushangaa. Akaniuliza namba ya chumba, nikamwambia, akatazama kompyuta, akanitazama, akatazama mlango wa ngazi nyuma yangu.

"Watu wawili," akasema. "Mwenzako?"

Aisee. Nilitamani ile marumaru ifunguke. Nilikuwa nimemsahau dogo! Nimeshuka ngazi ghorofa ishirini na tano sijamkumbuka hata mara moja, na aliyemkumbuka ni kompyuta ya hoteli kwa sababu ya zile yeni nilizolipa kwa kisirani.

Akanionyesha kwenye tablet, namba 3. Huko kila tetemeko wanakupa hesabu mbili, moja ni ukubwa wake kule lilikotokea na nyingine, shindo, ni jinsi lilivyotikisa pale ulipo wewe, inaanzia 0 mpaka 7. Pale tulipo ilikuwa 3, watu wengi hawaamki. Akaniambia majengo marefu yale yamejengwa yayumbe, lisiloyumba ndo linavunjika, na kukimbia ngazi gizani ndo kunaumiza watu. Halafu akanyamaza kidogo, akashika koti lake la suti, akapapasa upande wa kushoto akaulaza juu ya kulia, polepole, mara mbili, huku anaangalia pembeni kwenye maua. Sikuelewa. Nikadhani ana baridi.

Lifti zikarudi, akanipandisha mwenyewe maana kadi niliiacha ndani. Akagonga. Dogo akafungua jicho moja, nywele zimelala upande, mzee akainama akamhesabu, wawili, akaondoka.

"Kaka ulikuwa wapi?" Halafu akaniangalia vizuri. "Mbona umefunga kulia juu ya kushoto? Hivo wanavalishwa maiti wakienda kuzikwa. Umeshuka mapokezi hivo hivo?"

Akacheka mpaka akakaa sakafuni, kile kieneo kidogo kilichobaki kati ya begi na kitanda. Akacheka, akafuta machozi, akaanza tena. Halafu akaacha ghafla, akaitazama tochi mkononi kwangu, akatazama mguu usio na ndala.

"Kaka, ina maana uliniacha?"

Nikamwambia nilitangulia kukagua njia.